Dereva Aliyekataa Kutia Sahihi Usingizi

Vijana mnaonitembelea hapa Kikwe mchana hunikuta barazani nimefumba macho, mkaanza kunyata kwa adabu mkidhani bibi amelala. Sijalala. Upepo ukigeuka na kutoka upande wa barabara kuu huja na ngurumo za malori yakibadilisha gia, nami nafumba macho ili niyasikie vizuri. Katika giza lile dogo la kope watu hunijia. Wengi ni madereva. Wameshika bahasha za kaki, wamekaa kwenye benchi refu nje ya ofisi yetu kule mjini, wananingoja niwaite majina. Baadhi yao sasa wana wajukuu, na wengine hatunao tena, lakini kwenye benchi lile wote bado ni vijana na mashati yao bado yana mikunjo ya pasi.

Mimi sikuwahi kuendesha lori hata kulitoa getini. Kazi yangu, kwa miaka ishirini na ushee, ilikuwa kuwachunguza wanaotaka kuliendesha. Ndiyo maana mkishapata leseni zenu za daraja E mnakuja hapa, shikamoo bibi, halafu swali ni lile lile: niombe kazi kampuni gani? Jina la kampuni sitawapa. Nitawasimulia habari za Lomayani, kwa sababu nilikwenda mpaka kwao kumchunguza, kumbe siku hizo hizo naye alikuwa mjini ananichunguza mimi.

Lakini kwanza mjue nilivyokuwa mjinga nilipoanza. Mwombaji alileta leseni, cheti cha mafunzo, hati ya polisi ya kuonyesha kwamba hana makosa, barua ya mtendaji wa mtaa au wa kijiji, majina ya wadhamini wawili, na barua ya mwajiri wa zamani. Nilidhani kazi yangu ni kuona kwamba karatasi zote zimo ndani ya faili. Zikitimia, nagonga muhuri, naita mwingine.

Akaja kijana mmoja mchangamfu, karatasi zake safi, na barua ya kumsifu mpaka unaona haya kuisoma. Chini ya barua palikuwa na namba ya simu. Nikapiga. Akapokea mwanamume mwenye sauti nzito, akasema naam, yeye ndiye mkurugenzi, na kijana huyo alikuwa mhimili wa kampuni yake. Nilikuwa naandika neno mhimili nilipogundua kwamba sauti ile naisikia kwa masikio yote mawili. Moja lilikuwa kwenye simu. La pili lilikuwa linaipata kutoka dirishani. Nikasimama kuchungulia. Ng'ambo ya geti, kwenye meza ya mama lishe, mkurugenzi alikuwa amebana simu kwa bega, mkononi ana tonge la ugali, na kijana wangu mchangamfu amekaa pembeni anamsogezea bakuli la mboga.

Mzee Teofili alicheka mpaka akavua kofia akafutia macho. Huyu alikuwa mzee wa Kilimanjaro, dereva aliyeshuka kwenye usukani baada ya magoti kugoma, na pale kwetu kazi yake ilikuwa kuwapima waombaji barabarani. Alipokwisha kucheka akanivutia kiti. "Simu inakupa sauti tu, binti yangu," akasema. "Nenda kwa miguu. Na ukifika usiulize kama huyu ni dereva mzuri, maana kila mtu atakuambia ni mzuri. Uliza, akirudi kesho utampa funguo? Halafu nyamaza, mtazame usoni."

Tangu hapo nikawa mtembezi. Nimekwenda kwa wachungaji na mapadri, kwa mafundi wa gereji, kwa wake walioachwa. Nimejifunza kwamba barua tatu za kampuni tatu zenye kosa moja la herufi zimeandikwa na mkono mmoja. Nimejifunza pia kwamba mtu huweza kukariri ubao wa macho wa hospitali. Mmoja alifaulu kipimo cha macho bila shaka yoyote, kisha Mzee Teofili akamwomba amsomee namba ya lori lililoegeshwa upande wa pili wa uwanja. Yule bwana akasimama wima akataja, moja baada ya nyingine, herufi za ule ubao. Tukampa chai, tukamsindikiza.

Lomayani alikuja asubuhi ya manyunyu, katika ile miezi ya baridi ambapo Meru hauonekani wiki nzima na watu wa mjini wanasahau kwamba wanaishi chini ya mlima. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa Nduruma, amevaa koti la marehemu baba yake lililokuwa linamfika magotini. Alipoitwa kwenye kipimo hakupanda lori mara moja. Alilizunguka mara mbili, akagonga kila tairi kwa kipande cha mti, akainama chini ya tela akasikiliza hewa ya breki kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Mzee Teofili aliniambia baadaye kwamba kwa hayo tu alishaamua, huko barabarani walikwenda kutalii.

Tatizo lilikuwa kwenye faili. Barua ya kampuni aliyotoka ilikuwa na mistari miwili tu: aliliacha gari la kampuni njiani bila ruhusa, na alionyesha ukaidi alipoamriwa kuendelea. Baada ya barua ile palikuwa na miaka miwili mitupu. Hakuna kazi, hakuna mwajiri, hakuna chochote.

Mkurugenzi wetu alisoma akaniambia niiweke pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlikumbuke hilo mpaka mwisho wa habari hii. Aliijenga kampuni ile kutoka lori moja la mkopo, sauti yake ilikuwa ya upole, na aliogopa mzigo kuchelewa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Lakini Mzee Teofili aliichukua faili ile mezani akanirudishia mkononi. Akasema mtu anayegonga matairi vile haachi gari bila sababu, niende nikaitafute sababu.

Nikashuka Nduruma. Kule chini jua lilikuwepo. Mifereji ilikuwa inatiririka kati ya mashamba ya mahindi na nyanya, vumbi jepesi limening'inia hewani, na nilipogeuka nyuma nikaona mlima umetoka. Ulikuwa kilele tu, juu ya wingu jeupe, haujashikamana na ardhi popote. Nilisimama njiani na mkoba wangu wa mafaili, nikasahau kwa muda nimefuata nini.

Lomayani hakuwepo. Mama yake alisema mwanawe anaondoka alfajiri kwenda mjini, hiyo ilikuwa siku ya tatu, na hasemi anachokwenda kufanya. Nilimsalimu kwa Kimaasai changu kibovu, akacheka, akanipa bakuli la loshoro, tukakaa kivulini tukala yale mahindi na maziwa ya mgando bila haraka. Nilipomuuliza kuhusu ile miaka miwili alitazama zizi lao, ambalo ndani yake palikuwa na mbuzi wanne na nafasi kubwa.

Alisema siku ile mwanawe alifika nyumbani na nguo tu. Hakula. Alilala siku mbili, akigeuka ubavu bila kuamka, mpaka mama mtu akawa anamwekea kiganja puani ahakikishe anapumua. Alipoamka, jambo la kwanza aliuliza kama ng'ombe wamerudi.

"Nikamwambia, ng'ombe gani, baba? Ng'ombe wa baba yako walikwisha kwa ukame ukiwa bado unasoma shule ya msingi. Akatoka kwenda kulitazama zizi. Tangu siku hiyo akashika jembe."

Sikuelewa, lakini niliandika. Hiyo pia ni sehemu ya kazi: unaandika usichokielewa, ukiamini kipo mtu mahali mwenye kipande kilichobaki.

Kipande hicho kilikuwa Kaloleni, mjini kwetu. Niliuliza huku na huku nikapata jina la dereva aliyekuwa nyuma ya Lomayani katika safari ile, Silvano, aliyepanga chumba karibu na uwanja wa mpira. Nilimwendea Jumapili baada ya ibada. Bado alikuwa ameajiriwa na kampuni ile ile, kwa hiyo hakupenda kuniona. Aliongea kwa sauti ya chini huku makelele ya mechi yakipanda na kushuka nje kama mvua ya mbali.

Alisema walikuwa wanatoka mpakani, siku ya tatu, na usingizi waliopata tangu waanze ungeweza kuuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua, barabara imenyooka na mbele lami inameremeta kama maji. Akaliona lori la mwenzake limeegeshwa pembeni vizuri kabisa, pembetatu za tahadhari zimewekwa nyuma na mbele. Na katikati ya lami amesimama Lomayani, amenyoosha mikono, anapiga mluzi.

"Alikuwa anavusha ng'ombe," Silvano akasema. "Mama, hapakuwa na ng'ombe. Nikamshika mkono nikamwambia tuondoke barabarani. Akaniambia nisubiri kidogo, bado yule mwenye baka jeupe hajavuka."

Nilimuuliza akafanya nini.

"Nikasubiri. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba na mimi nilianza kumwona."

Kisha Lomayani alipiga simu ofisini kwao akasema hawezi kuendelea, ataua watu. Akaamriwa aendelee. Akalifunga lori, akampa Silvano funguo za akiba, akajilaza chini ya mgunga. Habari ya kufukuzwa ilimkuta pale pale, kwa mdomo wa mtu aliyetumwa kwa gari dogo. Nilimuuliza Silvano swali la Mzee Teofili: akirudi kesho, angempa funguo? Alitazama watoto wake wawili waliokuwa wanacheza mlangoni. Akasema angempa, na hawa angewapakia humo ndani.

Nikaandika ripoti yangu usiku huo huo bila kufuta neno. Mkurugenzi aliisoma polepole, akasema mtu huyo aitwe asaini mkataba. Nilifurahi sana. Nilijiona nimefanya kazi yangu kama inavyotakiwa, na wanangu, hapo ndipo mnapaswa kuanza kusikiliza kwa makini.

Lomayani akaja, koti lile lile. Nikamwekea mkataba mbele, akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo karibu kila mwombaji haoni haja ya kulifanya. Kisha nikamwekea bunda la pili. Karatasi za mapumziko. Sheria za usalama zilimtaka dereva aandike kila aliposimama, amelala wapi na kwa saa ngapi. Na sisi, ili faili zikae sawa, tulikuwa tumeshazijaza. Dereva alitia sahihi bunda zima kabla ya kuwasha injini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwawekea kalamu mkononi. Kwa miaka. Nawaambia kwa miaka, na sikuwahi kukaa hata dakika moja nikajiuliza.

Alichukua karatasi ya kwanza akaisoma. Akachukua ya pili. Nje manyunyu yalikuwa yanagonga bati taratibu.

"Mama, hapa pameandikwa nimelala Singida kwa saa nane," akasema. "Mimi bado niko Arusha."

Nikamwambia ni utaratibu tu wa ofisi, wote wanasaini. Niliyasikia maneno hayo yakitoka nikayaona kama ya mtu mwingine.

Akaniambia anajua kwamba wote wanasaini. Kwa siku tatu alikuwa amekaa kwa mama lishe mbele ya geti letu, akinywa chai na madereva wetu wanaporudi. Alikuwa amewatazama wanavyoshuka kwenye malori, kama wanatembea au wanajikokota. Walimwambia breki zetu ni nzima na matairi tunabadilisha kwa wakati, fundi wetu hana mchezo. Walimwambia nikiwepo mimi ofisini kuna mtu wa kusikiliza. Na walimwambia kuna karatasi. Hakutaka kuamini mpaka azione kwa macho yake.

"Mnanitaka, na mimi nataka kazi," akasema. "Lakini siwezi kutia sahihi usingizi ambao sijaulala."

Akaweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza, akakusanya vyeti vyake halisi kimoja kimoja, akaniaga kwa heshima kama unavyomuaga mama yako mzazi, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara ndani ya ukungu, na lile koti likayeyuka kwanza, kisha kichwa.

Sijui mtu hukaaje baada ya hapo. Mimi nilikaa. Nilipanga bunda lile, nikalipanga tena. Siku zilizofuata nilianza kuwatafuta madereva walioacha kazi kwetu. Faili zao nilikuwa nazo. Nilijua walivyoingia, lakini sikuwahi kuuliza walivyotoka. Niliwapata watatu. Mmoja alinieleza alivyokuwa akitafuna buni mbichi za kahawa ili asisinzie. Wa pili, mwanakwaya, alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake yote mpaka koo linakauka, peke yake, kilomita mia baada ya mia. Wa tatu alinionyesha tu kidole chake cha shahada jinsi kilivyokuwa kinatetemeka, akasema kilianza huko na hakijaacha.

Nikaandika ripoti ya kurasa mbili kuhusu sisi, kwa utaratibu ule ule niliotumia kuwaandika waombaji. Mzee Teofili aliisoma akaomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu. Nikaipeleka.

Mkurugenzi alisoma mpaka mwisho. Aliniuliza kwa sauti yake ile ya upole namfanyia kazi nani. Nikamjibu kwamba amekuwa akinituma kuwachunguza watu miaka yote hii, na safari hii nimetuchunguza sisi. Jumatatu iliyofuata nikakuta meza yangu imehamishiwa stoo ya matairi, na vyeti vya waombaji vinapokelewa na mtu mwingine.

Nilikaa stoo ile wiki saba. Kulikuwa na dirisha moja dogo juu, na harufu ya mpira mpya inayolevya. Mchana nilikuwa nikiketi kati ya zile nguzo nyeusi za matairi kama mtu aliye msituni. Wakati mwingine nilimwona Lomayani kwa mawazo, amesimama kwenye lami ananyoosha mikono, nami niko ng'ambo na faili kifuani, nangoja avushe. Nilifikiria kuacha kazi. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Sikuacha.

Aliyemgeuza mkurugenzi ni Mzee Teofili, na hakumgeuza kwa hoja. Alimwendea akamwambia kuna lori linaondoka, na kiti cha abiria kiko wazi, apande aende na kurudi bila kushuka, ale wanapokula na alale wanapolala. Magoti yake mwenyewe hayakumruhusu kwenda, lakini angemsubiri. Sijui kwa nini mkurugenzi alikubali. Labda alitaka kumwonyesha yule mzee kwamba amekosea. Alipanda na suti yake.

Alirudi siku ya sita. Nilimwona kupitia kile kidirisha akishuka, na hakutembea. Alijikokota, mkono mmoja umeshika ubavu wa lori kama kipofu. Aliingia ofisini kwake akakaa kwenye kiti chake kikubwa, na katibu alipompelekea chai alimkuta amelala kinywa wazi, viatu bado vina udongo wa njiani. Hakuna aliyemwamsha. Alipoamka ilikuwa jioni, akaja mwenyewe mpaka stoo, akasimama mlangoni kati ya matairi.

Aliniambia walipopita Singida alimuuliza dereva kama wanasimama kulala, dereva akamjibu kwamba kwa mujibu wa karatasi wameshalala. Kisha akaniuliza bunda lililobaki liko wapi. Nikamtolea. Alilichana mwenyewe, na lilikuwa nene, ikamchukua muda. Akasema nirudishe meza yangu, halafu nikamtafute yule mtu wa Nduruma.

Nilimkuta Lomayani ameinama kwenye maharage, maji ya mfereji yanamfika vifundoni. Nilimweleza kila kitu, pamoja na lile la stoo. Hakuonyesha kufurahi. Aliuliza maswali yake kama nilivyokuwa nikiuliza yangu: karatasi mpya zikoje, nani anazijaza, wapi. Nikamwonyesha; zilikuwa tupu. Aliuliza gari likiharibika njiani nani anakuja. Akauliza kama nitabaki na vyeti vyake halisi, nikasema nakala tu. La mwisho aliuliza kwa upole zaidi, akinawa udongo mikononi. Akipiga simu mchana na kusema amesimama, nani atapokea?

Nikamwambia nitapokea mimi, ila aliye juu yangu ndiye atakayeamua, na siwezi kumwahidi neno la mtu mwingine. Alifikiri sana. Nadhani kama ningemwahidi asingekuja.

Kwa hiyo, wanangu, msiulize jina la kampuni. Nendeni mkakae mbele ya geti lao siku mbili tatu. Watazameni madereva wanavyoshuka. Mtafuteni aliyeacha kazi pale, maana aliyepo ana watoto wa kulisha, kama mimi. Someni kila karatasi mnayopewa kalamu juu yake, hasa ile wanayokuambia ni utaratibu tu. Na wao wakija kwenu kuuliza habari zenu, msikasirike, wakaribisheni loshoro. Kampuni isiyouliza chochote kuhusu mtu inayemkabidhi tani thelathini, nayo iogopeni.

Lomayani alianza kazi mwezi uliofuata. Safari mbili za kwanza zilikwenda bila neno. Katika ya tatu alibeba mzigo uliokuwa unangojwa kwa hamu, mteja alikuwa amekwisha kupiga simu mara nne toka asubuhi, na mkurugenzi alikuwa amehamia ofisini kwangu, anatembea kutoka dirishani hadi kwenye kabati na kurudi. Saa nane na kitu, mvua nyepesi inanyesha na jua linawaka humo humo, simu yangu ikaita. Niliona jina. Nikapokea.

Lomayani alinisalimu kama kawaida yake, akauliza habari za nyumbani. Kisha akasema ameegesha, mahali ni pazuri, pana kivuli. Macho yake yameanza kuona visivyokuwepo. Anaomba kulala.

Nilimnyooshea mkurugenzi simu.

Aliishika sikioni. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, akatazama namba ya mteja niliyokuwa nimeiandika kwenye karatasi mezani, akatazama nje kwenye ile mvua yenye jua. Alikaa hivyo muda mrefu sana hata nikadhani simu imekatika.

"Lala," akasema. "Nitaongea nao mimi. Lala mpaka uamke mwenyewe."

Akanirudishia simu, akavuta kiti, akaketi. Katibu alikuwa mlangoni na fundi yuko nyuma yake, wote wamesikia, na hakuna aliyeondoka. Simu ya mezani ilipoanza kuita tena, mkurugenzi aliipokea haraka kabla ya mlio wa pili, akaanza kuongea na mteja kwa sauti ya chini kabisa, huku amenyanyua kiganja kutuzuia tusipige kelele, kama vile dereva amelala pale pale katikati yetu, sakafuni.